Niliacha kuandika, sikuacha kutunza

Mtu mwenye blogu akipata likizo ndefu, jambo la kwanza analojiahidi ni kwamba sasa ataandika. Rasimu zilizolala zitamaliziwa, na mfululizo ulioishia sehemu ya pili utapata sehemu ya tatu. Mimi nilipopata ruhusa ya kukaa nje ya karakana kwa miezi kadhaa, niliamua kinyume chake: blogu yangu ya ufundi wa cherehani isingepata makala mpya ila chache nilizokwisha kuziandaa, na ule muda mdogo ambao ningeipa ungeenda wote kwenye kuitunza.

Sababu ni mbili. Ninachokiandika kinatoka mikononi mwangu. Cherehani inayoruka mishono inaletwa, naifungua, naona kilichochakaa, napiga picha, jioni naandika. Nikiwa likizo hakuna mashine inayopita mezani, na makala ya kiufundi isiyotoka mezani huwa ni kurudia yaliyokwisha kusemwa na wengine. Sababu ya pili ni kwamba nilikuwa nimechoka kwelikweli. Makala moja nzuri inataka kujaribu, kupiga picha, kuandika, kusoma upya, kufuta nusu yake na kuandika tena. Kama ningefanya hivyo kila wiki, nisingekuwa nimepumzika. Ningekuwa nimebadilisha mwajiri tu.

Lakini blogu yenyewe haichukui likizo. Wengi wa wasomaji wangu hawaji kuona nimeandika nini wiki hii. Wanaletwa na injini ya utafutaji, kwenye ukurasa niliouandika zamani, wakiwa na tatizo la saa hiyohiyo. Mtu anayekatikiwa na uzi usiku, na gauni linatakiwa asubuhi, hajali kama nimenyamaza tangu lini. Anachohitaji ni ukurasa ufunguke, na kilichoandikwa humo kiwe sahihi. Hayo mawili ndiyo niliyoyachukua kuwa deni langu kwa wasomaji muda wote wa mapumziko, na kila nilichofanya kilipimwa kwa hayo.

Nilianza na domeni, yaani jina la tovuti, kwa sababu ndicho kitu ambacho kikipotea huenda kisirudi kamwe. Makala ikiharibika nitaiandika upya. Anwani ikichukuliwa na mtu mwingine, kila kiungo ambacho watu wamekuwa wakitumiana kwa miaka kinaanza kumpelekea huyo mwingine wasomaji wangu, na nimeona blogu nzuri zilizotelekezwa ambazo anwani zake leo zinatangaza kamari. Kwa domeni za .com, .org na nyingine za kundi hilo, kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, zinamtaka msajili, yaani kampuni iliyokuuzia jina, akukumbushe takriban mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, kisha takriban wiki moja kabla, na tena ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Ungedhani hiyo inatosha. Tatizo ni kwamba ukumbusho huo unakwenda kwenye barua pepe uliyojisajilia, na watu wengi walijisajili kwa anwani ya kazini. Mtu aliye likizo hafungui barua pepe za kazini, wala hapaswi kuzifungua. Kadi ya benki nayo ina tarehe yake ya mwisho, na ikiisha katikati ya likizo, malipo ya kujirudia yanakataliwa kimyakimya huku wewe ukiamini mambo yako sawa.

Kwa hiyo kabla sijaondoka nilihamishia mawasiliano yote kwenye barua pepe yangu binafsi, nikabadilisha kadi, nikalipia domeni miaka kadhaa mbele. Domeni za aina hiyo huruhusu hadi miaka 10. Ukichelewa na jina likafutwa, kuna siku 30 za kulikomboa, kwa ada ambayo kwa kawaida inazidi sana ile ya kuhuisha. Zikipita hizo, muda si mrefu jina linakuwa wazi kwa yeyote. Domeni za nchi zina kanuni zake, na kila mmoja anapaswa kuzisoma kwa msajili wake.

Jambo linalofanana na hilo, ila linazungumziwa kidogo, ni cheti cha usalama, kile kinachoifanya anwani ianze na https. Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt, kinachotumiwa na blogu nyingi kwa kuwa ni cha bure, hudumu siku 90, na seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, inapaswa kukihuisha yenyewe. Zamani Let's Encrypt walikuwa wakituma barua pepe ya kuonya cheti kinapokaribia kuisha. Tangu Juni 2025 wameacha. Uhuishaji ukikwama, hutajua, lakini msomaji atajua, kwa sababu kivinjari chake kitamwekea onyo kubwa kwamba tovuti hii si salama, naye ataondoka. Na mambo yanazidi kubana: mwaka 2025 kampuni za vivinjari na watoaji wa vyeti walipitisha kwamba ifikapo 2029 cheti cha tovuti kisizidi siku 47. Nilichofanya ni kujiunga na huduma ndogo inayoitembelea blogu yangu mara kwa mara na kunitumia ujumbe ikiwa haifunguki au cheti chake kinakaribia mwisho. Hiyo ndiyo arifa pekee ya blogu niliyoiruhusu kwenye simu yangu wakati wa mapumziko. Nyingine zote nilizizima.

Kuhusu masasisho sitasema mengi. WordPress, programu inayoendesha blogu yangu, imekuwa ikijisasisha yenyewe kwa matoleo madogo tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, na tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 unaweza kuiamuru isasishe na plagini pia, yaani vile vijiprogramu vya kuiongezea uwezo. Nilivyoona mimi, kazi yenye faida zaidi kabla ya likizo ni kupunguza. Kila plagini ni mlango, na kila mlango unahitaji mwenyewe wa kuulinda. Nilifuta zote ambazo sikuweza kueleza kwa sentensi moja zinamsaidia nini msomaji. Blogu ikawa nyepesi, kurasa zikafunguka haraka zaidi kwenye simu za bei nafuu, na nikawa na vitu vichache vya kunisumbua nikiwa mbali.

Zile makala chache nilizoandaa mapema nilizipangia tarehe zitoke zenyewe. Hapa kuna jambo ambalo kila mwenye blogu ndogo ya WordPress anapaswa kulijua. Ukiipangia makala itoke saa kumi na mbili asubuhi, hakuna saa inayogonga ndani ya seva ikifika muda huo. WordPress hukagua ratiba yake pale tu mtu anapofungua ukurasa wa tovuti. Kama hakuna aliyekuja mpaka saa tatu, makala inatoka saa tatu. Na kama unatumia plagini ya kuhifadhi kurasa tayari ili zifunguke haraka, mgeni anaweza kupewa ukurasa uliohifadhiwa, WordPress yenyewe isiamke kabisa, na makala ikabaki imekaa ndani na maandishi mekundu yanayosema imepitwa na ratiba. Dawa yake ni kuiomba seva yenyewe iigongee WordPress kila baada ya dakika chache. Kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti zina sehemu ya kuweka agizo hilo kwenye paneli yao, na ukishaliweka unasahau.

Makala za kutoka zenyewe nazo zinataka busara ya kuchagua. Niliacha nje kila makala ambayo ingezua mjadala au kuhitaji maelezo zaidi kutoka kwangu. Kuuliza watu swali kisha kutokuwepo wakijibu ni kuwakosea adabu. Nilizoruhusu zitoke ni zile zinazojitosheleza: jinsi ya kusafisha pamba na vumbi chini ya bamba la sindano, wapi pa kutia mafuta na wapi pasiguswe, namna ya kuchagua sindano kwa kitambaa, 80/12 kwa pamba ya kawaida na 100/16 kwa jinzi nzito. Mambo ya aina hiyo msomaji anayachukua na kuondoka nayo bila kuniuliza chochote.

Sasa nije kwenye sehemu niliyoipenda zaidi, na ambayo natamani kila mwandishi wa blogu aipe nafasi: kurudi kwenye makala za zamani. Tukiwa kazini tunakimbilia jipya. Likizo inakupa utulivu wa kusoma maandishi yako mwenyewe kama mgeni. Nilijiwekea muda mfupi mara moja kwa wiki, kikombe cha kinywaji mkononi, nasoma makala moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho na kubonyeza kila kiungo kilichomo.

Viungo ndivyo vilivyonishtua. Taasisi ya Pew Research Center ilichapisha mwaka 2024 matokeo kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye, na nilipoanza kubonyeza niliona ukweli huo kwa macho yangu. Vitabu vya maelekezo vya cherehani za zamani ambavyo nilikuwa nimeviunganisha havikuwepo. Michoro ya jinsi ya kupitisha uzi ilikuwa imehamishwa bila kuacha alama. Vingi niliviokoa kupitia Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo imekuwa wazi kwa umma tangu 2001: unabandika anwani iliyokufa, unachagua mwaka, na mara nyingi ukurasa unatokea ukiwa na picha zake. Nilibadilisha viungo vielekee huko. Kisha nikawapelekea na kurasa zangu mwenyewe, moja moja, kwa kile kitufe chao cha kuhifadhi ukurasa, kwa sababu siku moja kiungo kitakachokufa kinaweza kuwa changu.

Makala inayosomwa kuliko zote kwenye blogu yangu inahusu uzi wa juu unaokatika. Ndani yake nilieleza kwamba sindano iwekwe upande wake bapa ukitazama nyuma, kama inavyotakiwa kwenye cherehani nyingi za nyumbani ambazo uzi huingia tunduni kutoka mbele. Kati ya ujumbe uliokuwa umekaa bila kujibiwa kulikuwa na mmoja mfupi: "Fundi, sindano yangu ni duara tupu, haina ubapa. Niiweke vipi?" Huyo alikuwa na mashine ya kiwandani. Sindano nyingi za mashine hizo zina shina la mviringo, kwa hiyo maelezo ya upande bapa hayamsaidii hata kidogo. Nilikaa na swali lile jioni nzima, kwa furaha, kwa sababu lilinilazimisha kutafuta maelezo yanayofaa mashine zote badala ya aina moja.

Jibu liko kwenye sindano yenyewe. Ichukue, ishike kwenye mwanga, uipapase kwa ukucha kuanzia juu kushuka kwenye ncha. Upande mmoja utasikia mfereji mrefu unaoteremka mpaka tunduni. Upande wa pili, juu kidogo ya tundu, pana sehemu iliyochimbwa ndani kidogo. Mfereji mrefu hutazama kule uzi unakoingilia, kwa kuwa ndimo uzi unamojificha sindano inapotoboa kitambaa. Ile sehemu iliyochimbwa hutazama kule inakopita ndoana inayoizunguka bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ili ndoana iupate uzi bila kuigonga sindano. Ukijua hayo, huhitaji tena kuuliza ubapa uko wapi, hata kwenye cherehani ambayo uzi wake unapita kutoka ubavuni. Niliiandika upya aya hiyo nzima, nikapiga picha ya sindano kwa karibu sana mpaka mfereji ukaonekana, nikaongeza tarehe ya sahihisho juu ya ukurasa.

Anwani ya makala sikuigusa. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadiliki, na nadhani kwa blogu ya mtu binafsi hilo ni la msingi kuliko muundo, rangi, au nembo. Jaribu la likizo ni kubwa: una muda, unatazama anwani za zamani zenye tarehe na maneno marefu, unatamani kuzipanga upya. Ziache. Kama lazima ubadilishe, weka uelekezaji wa kudumu, ule wa namba 301, kutoka anwani ya zamani kwenda mpya, na usiuondoe kamwe. Aliyehifadhi kiungo chako miaka mingi iliyopita alikuamini kwamba atakukuta.

Bekapu, yaani nakala za akiba, nilizishughulikia kwa uzito uleule. GeoCities, iliyokuwa makazi ya kurasa za watu binafsi wengi mno, ilifungwa Oktoba 2009, na wasiokuwa na nakala zao waliachwa wakitegemea juhudi za wahifadhi wa kujitolea. Hakuna huduma iliyo kubwa kiasi cha kutofungwa. Kinachowapotosha wengi ni kwamba faili la kuhamisha linalotolewa na WordPress lina maandishi, lakini picha zenyewe hazimo. Zimo anwani zake tu. Kwa blogu ya ufundi, ambako picha ndiyo maelezo, nakala ya namna hiyo ni nusu ya nakala. Nilichukua hifadhidata, yaliko maandishi yote, nikachukua na folda nzima ya picha, nikaviweka sehemu mbili zilizo mbali na seva. Halafu nikafanya lile ambalo wengi huliruka: nikaifungua nakala hiyo kwenye kompyuta yangu nikahakikisha blogu nzima inasimama kutoka humo, picha zikiwa mahali pake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na blogu ni mali. Niliandika karatasi moja: domeni iko kwa msajili gani, seva iko wapi, malipo ni lini, bekapu ziko wapi, nywila ziko kwenye programu gani ya kutunzia nywila. Mdogo wangu anajua karatasi hiyo ilipo. Yeye nilimfungulia pia akaunti yake mwenyewe kwenye blogu, yenye uwezo wa mhariri, ili aweze kufuta matangazo taka au kurekebisha kosa bila kuishika nywila yangu. Sikumwomba aandike chochote kwa niaba yangu. Sauti ya blogu binafsi haiazimishwi.

Kwa wasomaji niliweka tangazo fupi juu ya ukurasa wa kwanza: kwamba kwa sasa makala mpya zitakuwa chache, za zamani zinaendelea kutunzwa, na majibu ya maswali yatachelewa. Sikutaja tarehe ya kurudi. Tarehe iliyotangazwa hugeuka kuwa kazi, na unaanza kuihesabu hata ukiwa umelala. Sikutaja pia nilikokuwa nakwenda wala kwamba nyumba ingebaki tupu. Hayo hayahitajiki kwa msomaji, na si kila anayesoma ni msomaji.

Takwimu za wageni sikuzitazama. Nilitoa programu yake kwenye simu siku ya kwanza, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko yote niliyoyataja hapa, kwa sababu kutazama namba ni tabia ya mkono kabla haijawa wazo. Siku za mwanzo nilikuwa nikiamka na kidole kinaitafuta mahali ilipokuwa. Baadaye ilipungua. Nilipokuja kuzitazama likizo ilipokwisha, grafu ilikuwa imekaa karibu palepale nilipoiacha. Wanaokatikiwa na uzi walikuwa wameendelea kukatikiwa, na walikuwa wameendelea kuja.

Niliporudi karakana sikuandika makala ya kuomba radhi kwa ukimya. Niliondoa tangazo, nikajibu maswali yaliyokuwa yakingoja nikianzia na yule mwenye sindano ya mviringo, nikaendelea. Ule muda wa kila wiki wa kusoma makala moja ya zamani nimeubakiza, na nimeacha kujilazimisha kutoa makala mpya kila wiki. Zinatoka pale mashine inaponifundisha kitu. Sasa hivi zamu ni ya makala kuhusu mkazo wa uzi wa bobini. Picha zake nilizipiga kwa simu ya zamani na skrubu ndogo ya kwenye kasha la bobini haionekani vizuri, kwa hiyo nitazipiga zote upya kabla sijagusa maneno.